Ng'ombe wa Kamishna

Mwaka ule mdogo wangu alipotaka kuoa, mkwe wetu wa Buffalo aliikataa bahasha. Kwa mtu asiyetujua sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini, ngoja nieleze. Huku Amerika mahari tunaizungumza kwa ng'ombe na kuilipa kwa bahasha. Msemaji wetu anasimama ukumbini, suti imemkaa sawasawa, anasema tumeleta ng'ombe, wako nje wanakula majani, na watu wote wanacheka kwa sababu nje ni paking ya magari. Kisha bahasha inapita, soda zinafunguliwa, wanawake wanapiga vigelegele, mambo yamekwisha. Ndivyo tulivyofanya Louisville, ndivyo tulivyofanya Columbus, na hakuna aliyelalamika.

Huyu mkwe wa Black Rock, mtaa mmoja wa Buffalo, akalalamika. Alikuwa amenunua nyumba ya mbao kule karibu na mto, nyumba kuukuu ya watu wa viwanda, uwanja wake wa nyuma hautoshi kuanika shuka mbili, na bado anataka ng'ombe! Wengine wote muwalete kwenye bahasha kama kila mtu, alisema kwenye simu, jamaa wa pande zote mbili wakisikiliza. Lakini mmoja asimame kwa miguu yake mbele ya mlango wangu, nimwone kwa macho. Bila huyo mmoja, bon, binti yangu bado ni mtoto.

Huyo mtoto alikuwa na kazi hospitalini na gari lake mwenyewe. Walikuwa wameonana na mdogo wangu Louisville, kwenye mkutano wa kwaya South End, katika kanisa letu lililopakana na duka la matairi, siku zile mimi na Baba bado tunakaa kule nami napanga maboksi kwenye ghala. Kwaya ya Buffalo iliimba, mdogo wangu akasahau kupiga gitaa, na tangu siku hiyo hakutulia mpaka alipohamia huko huko Buffalo, akapata kazi kwenye kiwanda cha madirisha. Sasa, mwanaume mzima mwenye ndevu, alinipigia simu akilia. Dada, huyu mzee hanitaki, alisema, anatafuta njia ya kunifukuza kwa adabu. Nami niliamini hivyo hivyo. Nilimtukana yule mzee moyoni kwa lugha zote ninazozijua, na ninazo za kutosha.

Baba peke yake hakukasirika. Alikuwa amekaa dirishani, mahali alipokaa tangu tuhamie Columbus, akitazama magari. Alisema mzee ana haki yake. Nikamwambia basi twende mnadani tununue ng'ombe, tumalize. Baba akanitazama kana kwamba nimetukana kanisani. Ng'ombe wa mahari, alinifundisha upya kama mtoto, hanunuliwi sokoni kwa mtu usiyemjua. Anatoka kwenye zizi lako. Kama huna zizi, unakwenda kumwomba rafiki mwenye zizi. Zizi la Baba lilibaki milimani, na namna lilivyokwisha sitaki kuisimulia hapa. Kwa hiyo Baba alihitaji rafiki mwenye ng'ombe, la sivyo mdogo wangu angezeeka kijana wa kwaya. Na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kila asubuhi kwa mtu mwenye ng'ombe.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani. Kampuni ilinipeleka kaunti ya mashambani, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Columbus, nchi tambarare mpaka inachosha macho: mahindi, soya, kanisa, mahindi tena. Mzee wangu alikuwa amepasuliwa nyonga na kuwekewa chuma. Mke wake alikuwa amefariki, binti yake alikaa mbali, ng'ombe wa maziwa walikamuliwa na kibarua, na daktari alikuwa amemkataza kuendesha gari. Nilimpikia, nilimshika mkono akitembea, na alipotaka kwenda mahali mimi ndiye niliyekamata usukani wa pikapu yake. Watu wote walimwita kamishna, kwa sababu zamani alikuwa mmoja wa wale makamishna watatu wanaoongoza kaunti. Mimi pia nikamwita kamishna.

Kabla ya hapo nilidhani siasa za Amerika ni zile za televisheni, chama chekundu na chama cha buluu, watu wanapigiana kelele. Kule nilikuta siasa ni maji ya nani yapite shamba la nani. Nchi ile yote, kamishna alinieleza, ilikuwa bwawa. Mababu zake walikuja kutoka Ujerumani wakakuta mbu na matope mpaka magotini, wakachimba kwa mikono, wakalaza mabomba ya udongo chini ya ardhi ili maji yatoke. Mpaka leo kila shamba limelala juu ya mabomba, kila bomba linamwaga kwenye mtaro, na kila mtaro una ugomvi wake. Ukiziba mtaro wako, mahindi ya jirani yanazama. Makamishna ndio wanaoamua mtaro upite wapi, na kwa sababu hiyo wanachukiwa kwa zamu.

Naye alichukiwa. Aliwahi kutia saini mtaro mkubwa uliopasua katikati shamba la jirani yake wa ng'ambo ya barabara, mtu aliyesoma naye tangu utoto. Baada ya siku hiyo hawakusalimiana tena. Kanisani kila mmoja alikuwa na benchi lake, upande wake. Uchaguzi uliofuata kamishna alianguka, na sasa, miaka imepita, ana chuma nyongani, alikuwa amesimama tena kugombea. Mpinzani wake alikuwa muuza bima mwenye meno mazuri, mabango yake yako kila njia panda. Kamishna hakuwa na bango hata moja. Hakuwa amewahi kumwomba mtu kura maishani mwake. Wananijua, alisema, na mtu anayehitaji kuombwa, kura yake siitaki. Kaunti hii, aliniambia siku moja nikimvalisha soksi, ilijengwa na watu ambao hawakumwomba mtu yeyote kitu chochote. Nilijua maneno yale yanaelekea wapi, maana kwenye mkahawa wa mjini niliwasikia wenzake wakisema wazi kwamba wakimbizi wanakuja Amerika kutafuta vya bure. Nilifunga kiatu chake.

Sasa mweke Baba mbele ya mtu kama huyo.

Nilimpeleka Jumamosi moja ya Septemba kwa kisingizio cha kuona ng'ombe. Alivaa suti, kofia, na fimbo mkononi, nami sikushtuka kwa sababu Baba huvaa suti hata kwenda kununua chumvi. Tulipofika bandani kitu cha kwanza alichouliza ni pembe za ng'ombe wamezipeleka wapi. Nilitafsiri. Kamishna akacheka, akaeleza kwamba huchomwa wangali ndama ili wasiumizane. Maskini, Baba akasema, wanatembea vichwa wazi. Lakini akaingia katikati yao akiwaita kwa ulimi, ile sauti yetu ya milimani, na ng'ombe wale wanaomkimbia kila mgeni wakasogea kumnusa. Kamishna aliegemea kigari chake cha kutembelea akatazama. Wakaanza kuzungumza: kiwele cha huyu, mgongo wa yule, nani alizaa kwa shida. Mimi katikati sikupata nafasi ya kumeza mate. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike Amerika kumwona Baba akibishana na mtu kwa raha, nami nikafurahi, nikasahau tulichofuata.

Kisha Baba akavua kofia, akasimama mbele ya kamishna. Nikamnong'oneza kwa lugha yetu, Baba, nakuomba, si leo. Akasema nitafsiri.

"Mwambie nimekuja kumwomba ng'ombe."

Nikatafsiri. Kamishna akauliza anataka kutoa bei gani.

"Mwambie sikuuliza bei. Namwomba ng'ombe."

Kwetu, kumwomba mtu ng'ombe ni kumheshimu. Humwombi adui, wala humwombi mtu usiyemthamini. Ukishaomba na ukapewa umejifunga: watoto wako ni watoto wake, na siku nyumba yake inaungua wewe ndiye wa kwanza kubeba maji. Yote hayo nilijaribu kuyaeleza kwa Kiingereza changu cha dawa na supu, na yakatoka vibaya, yakatoka kama mtu anayeomba cha bure. Shingo ya kamishna ilikuwa nyekundu. Haki nilitaka ardhi ipasuke niingie na suti ya Baba na kila kitu.

"Mwambie baba yako," kamishna alisema, "katika kaunti hii watu hawaombi."

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake polepole.

"Muulize, sasa wanaishije pamoja?"

Nilimuuliza. Kamishna aligeuza kigari chake akarudi nyumbani, nasi tukapanda gari. Nilimgombeza Baba njia nzima mpaka Columbus: kwamba ameniharibia kazi, kwamba sasa wale wa mkahawani watasema, si tulijua, wakimbizi wanataka vya bure, kwamba mkwe wa Buffalo atatucheka. Baba alisema mtu yule hakukataa, amekasirika tu, na hasira si jibu. Kisha akalala.

Jumatatu nilikwenda nikiwa tayari kufukuzwa. Kamishna alikunywa kahawa yake, akaniambia nilete ufunguo wa pikapu. Nilidhani anaumwa, anataka daktari. Akanielekeza kushoto, kisha kulia, tukasimama mbele ya nyumba moja nyeupe. Nilimshika mkono kwenye ngazi. Mwanamke wa makamo alifungua mlango, na kamishna akasimama pale bila neno, muda mrefu, mpaka mwanamke akauliza nani amekufa.

"Nimekuja kukuomba kura," kamishna akasema. Maneno yalitoka kama jino linavyong'olewa.

Yule mwanamke alimtazama. Miaka yote hii, alisema, alidhani kura yake haitaki. Akatuingiza ndani, akatukatia keki ya tofaa, akamweleza kwa urefu mambo yote mabaya aliyoyafanya akiwa kamishna. Tulipotoka mzee alikuwa anatokwa na jasho. Aliniuliza Baba hufanya hivyo mara ngapi. Nikamwambia, kila anapohitaji rafiki.

Basi vuli ile yote tukazunguka kaunti, nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo nilipoijua historia yake, maana kamishna hakuweza kupita mlango bila kunisimulia wenyewe. Hawa walikuja na farasi mmoja wakakaa kwenye shimo la udongo msimu mzima wa baridi. Hawa walipika pombe ya siri kabla hawajawa wazee wa kanisa. Hapa palikuwa na kiwanda cha vioo, kilipofungwa vijana wakaondoka na timu ya mpira ikafa. Wale hawampigii kura mtu yeyote wa ukoo wake kwa sababu babu yake aliwahi kulima tuta moja zaidi ndani ya mpaka wao. Tulikwenda kwa wale pia. Alikuwapo kikongwe aliyeukumbuka mpaka huo vizuri sana, akatutoa nje kwenye upepo kutuonyesha mahali penyewe. Kamishna akakiri kwamba kweli, tuta lile lilizidi. Kikongwe alifurahi hata akaniletea mahindi ya kuchemsha, eti kwa dereva. Kura hakuahidi.

Mimi sikuwa na haki ya kupiga kura, nilikuwa na kadi ya kijani ya ukaazi tu, na sikujali muuza bima akishinda au akishindwa. Lakini niliona raha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kamishna wangu mwenye chuma nyongani alikuwa anainama kila siku, kila siku anazidi kulainika. Mahali pamoja mwanaume mmoja alinitazama kutoka juu mpaka chini, akamuuliza huyu ni nani. Nikasubiri lile neno, mkimbizi.

"Ndiye anayeniendesha," kamishna alisema. "Baba yake ni mfugaji wa ng'ombe."

Nilikaa na furaha hiyo siku nyingi. Nilipomwambia Baba, alinyoosha tai yake ingawa hakuwa anakwenda popote.

Nyumba moja tu tulikuwa tunaipita kila siku bila kusimama, ile ya ng'ambo ya barabara. Endelea, endelea, kamishna alikuwa akiniambia, akitazama upande mwingine. Lakini siku moja ya Oktoba, jua zuri, alisema ingia hapa. Jirani alikuwa chini ya mashine yake ya kuvunia, miguu tu inaonekana. Akatoka, akatuona, akashika spana vizuri zaidi. Kamishna alivua kofia.

"Kura yangu hupati," jirani alisema.

"Sikuja kwa kura. Nakuomba uje kula kwangu. Mke wangu alipokufa ulikaa kwenye gari lako nje ya kanisa. Nilikuona."

Jirani alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwapo yalivyohitaji.

"Ulilipasua shamba langu katikati," alisema.

"Nililipasua."

"Mahindi yangu hayajazama tena tangu mwaka ule. Sikutaka ujue."

Niligeuka nikatazama mtaro wao ili wasinione nikicheka. Wee, wanaume! Miaka yote ile kila mtu na benchi lake, na mtaro wenyewe unafanya kazi. Tukarudi kwenye pikapu, nikazima injini mbele ya nyumba yake. Kisha kamishna akasema nimlete baba yangu Jumamosi.

Baba alivaa suti ile ile. Kamishna alitoka bandani akivuta kamba kwa mkono mmoja, kigari kwa mwingine, na nyuma yake mtamba wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kama ng'ombe wetu. Alisema amemchagua mwenyewe, mama yake ndiye anayetoa maziwa kuliko wote. Akaiweka kamba mkononi mwa Baba. Baba akaipokea kwa mikono miwili na kuanza kushukuru kwa ile lugha ya sifa ya wazee wetu, maneno marefu, na mimi nilitafsiri robo tu kwa sababu nilikuwa nalia.

Kamishna alishindwa uchaguzi. Si kwa kura nyingi, lakini alishindwa, na muuza bima akaonyesha meno yake yote gazetini. Jioni ile jirani alikuja kula, akaleta viazi. Kamishna alisema anajuta kitu kimoja tu, kwamba hakuanza kuwazungukia watu wakati wengi zaidi wangali hai.

Ikabaki safari. Kwenye simu mkwe wetu alikuwa amekubali mpango: ng'ombe atafika Black Rock, atasimama, mzee atamwona, na siku hiyo hiyo ng'ombe atarudi kutunzwa kwa kamishna, maana hata kwetu mtu huweka ng'ombe wake kwenye zizi la rafiki. Kamishna aliniuliza tena na tena, yaani tunampeleka mpaka Buffalo ili tumrudishe? Ndiyo, kamishna. Jirani, ambaye ndiye mwenye trela nzuri, alisema ameshuhudia kaunti ikifanya mambo ya kipumbavu kuliko hilo, na akajitolea kuendesha. Daktari wa mifugo akatoa cheti. Wakaondoka alfajiri, wakulima wawili na Baba katikati yao, hawana lugha moja, mimi nyuma na gari langu. Kila waliposimama kituo cha mafuta niliwakuta wanacheka, na sikujua wanacheka nini.

Black Rock ilikuwa na baridi, upepo unatoka mtoni. Trela ilipoingia mtaa ule mwembamba watu walitoka barazani: wazee wa Kipolandi, familia za Burma, watoto na simu zao. Gari la polisi likasimama. Polisi akauliza kuna nini, na mdogo wangu, suti mpya, midomo imekauka, akamwambia kwamba anajaribu kuoa. Polisi alimtazama, akamtazama ng'ombe, akaziba mtaa kwa gari lake ili tufanye kwa nafasi.

Mkwe wetu akashuka ngazi. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu, nayo hayakuwa mazuri. Harusi ikiisha, nilijiambia, nitamfuata huyu mzee jikoni nimweleze alivyotutesa. Jirani akafungua mlango wa trela, mtamba akateremka akapiga kwato kwenye lami, akasimama kwa miguu yake mbele ya mlango wa mzee, kama alivyotaka.

Mzee alimzunguka kwanza. Alipapasa paja, akapapasa mgongo, akafika kichwani akatafuta mahali pa pembe, akakuta nywele tu. Akabaki na mkono pale. Kisha akalaza shavu lake kwenye shingo ya ng'ombe na kumwita kwa jina. Halikuwa jina la mtamba yule, aliyekuwa na namba tu sikioni. Lilikuwa jina la ng'ombe mwingine, wa mlimani, na baada ya hilo akataja la pili, na la tatu, akiwaita mmoja mmoja, mabega yanatikisika. Maneno yangu yote nikayasahau. Binti yake alishuka mbio kumshika. Alisema hajawahi kumwona akilia, hata kambini, hata siku walipomzika mama yake. Baba akamzuia kwa fimbo, taratibu.

"Mwache," alisema. "Hajagusa ng'ombe tangu tulipokimbia."

Kamishna na jirani walikuwa wamevua kofia zao, ingawa hakuna aliyewatafsiria. Binti akangoja kidogo, kisha akauliza kwa Kiingereza chake cha Buffalo, sauti ndogo, Daddy, sasa ni ndiyo?

"Ndiyo," mzee alisema, bila kuinua uso kutoka shingoni mwa ng'ombe. "Ndiyo, mwanangu. Lakini ngojeni kidogo. Bado kuna wengine sijawaita."

Tukangoja, mtaa mzima.